Kisiwa Katikati ya Chai

Makanga wa steji ya Bomet hajui kwamba siku nzima anataja miti. "Silibwet! Silibwet wawili, gari inatoka!" Silibwet ni mti, ule ambao ukitoa maua nyuki hawabanduki. Ukishukia Kericho na kupanda gari la Sosiot, umetaja mkindu, na vijiti vya huo mkindu ndivyo kina mama walivyosugulia vibuyu vya mursik. Upande wa Londiani kuna Masaita, nao ni mti, jamaa ya mzeituni, mbao yake ngumu ajabu. Nimepanda magari hayo tangu nikiwa napakatwa. Nilifika miaka 22 kabla sijajiuliza swali ambalo mtoto angeuliza: sasa hiyo miti yenyewe iko wapi?

Kwa mgeni swali hili halina maana, kwa sababu huku kwetu ni kijani kila unapogeuka. Watu wa Nairobi wakija wikendi huegesha gari kando ya barabara pale Kericho, wakaingia kati ya mistari ya chai, wakapiga picha na kuandika kwamba hatimaye wamepumua hewa ya msituni. Siwacheki. Shule ya msingi tulipoambiwa tuchore msitu, wengi wetu tulichora chai.

Nilimwuliza Kogo, nyanya yangu, ambaye amechuma majani tangu akiwa msichana. Hata hakuacha kuchambua mboga. "Silibwet uliyokuwa karibu na wewe ulikuwa pale chini," akasema, "penye blugamu za baba yako." Kisha akaniuliza kama chuoni hawafundishi watu kuangalia.

Chuo nilikuwa nimeshaacha. Niliacha mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na hiyo karo nitairudia, maana nayo inahusu miti. Lakini kabla sijaacha nilikaa kwenye mhadhara mmoja ambao bado unanisumbua. Mwaka 1967 Wamarekani wawili, Robert MacArthur na Edward O. Wilson, walichapisha kitabu kuhusu visiwa. Hoja yao ni rahisi kiasi kwamba unashangaa hukuifikiria wewe. Idadi ya spishi kwenye kisiwa inategemea mambo mawili: wangapi wanafika, na wangapi wanatoweka. Kisiwa kikubwa kilicho karibu na bara hupokea wageni wengi na huwa na nafasi ya kuwaweka. Kisiwa kidogo cha mbali hupokea wachache, na walioko huko, kwa kuwa ni wachache, wanaweza kumalizwa na ukame mmoja au ugonjwa mmoja. Mhadhiri alitutajia Krakatau, kisiwa cha volkano cha Indonesia kilicholipuka mwaka 1883 na kuteketea. Wanasayansi walikwenda kuhesabu uhai ukirudi kidogo kidogo, buibui, nyasi, ndege, vyote vikivuka bahari.

Halafu akasema neno ambalo sikuliandika kwenye daftari lakini sijalisahau: kisiwa si lazima kizungukwe na maji. Kilele cha mlima juu ya nyika ni kisiwa. Msitu katikati ya mashamba ni kisiwa. Mnyama asiyeweza kuvuka shamba, kwake shamba ni bahari.

Mawazo yangu yalirudi nyumbani. Udongo wetu mwekundu nao ni kazi ya volkano, lava na majivu ya zama ambazo Bonde la Ufa lilikuwa likifunguka. Juu yake ulimea msitu wa Mau, mkubwa kuliko minara mingine minne mikuu ya maji ya Kenya, yaani Mlima Kenya, Aberdare, Cherangani na Elgon. Nyangores na Amala hutoka Mau, zikakutana na kuwa Mto Mara. Mito ya upande wetu mwingine huingia Sondu na kuishia Ziwa Victoria. Ndani ya msitu huo kuna mbega, kuna ndovu, kuna bongo, yule swala mwekundu mwenye mistari myeupe ambaye watu wengi watazeeka bila kumwona. Na kwa upande wa Kericho na Bomet, bahari inayouzunguka ni chai.

Tena ni bahari ya mmea mmoja kweli kweli. Chai nyingi ya siku hizi haipandwi kwa mbegu. Unakata kipande cha tawi kwenye mche uliochaguliwa, unakiotesha, unapata mche ule ule. Ule unaoitwa 6/8, uliotoka kwa watafiti wa chai wa Kericho, wakulima wanaujua kwa namba kama wanavyowajua ng'ombe wao kwa majina. Kwa hiyo unaweza kusimama mbele ya kilima kizima, na kwa hesabu ya vinasaba ukawa unaangalia kichaka kimoja kilichojirudia mara maelfu. Rangi ni ya msitu, lakini msitu haupo.

Bahari hii haikuwepo zamani. Chai ya kwanza Kenya ilipandwa Limuru mwaka 1903. Kwetu hadithi inaanza na zao ambalo hakuna anayelikumbuka. Mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ekari 25,000 za ardhi ya Kericho zilitengewa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka na mpango ukafa baada ya miaka michache. Ungedhani ardhi ingerudi kwa wenyewe. Haikurudi. Brooke Bond walifika mwaka 1924, na mwaka 1925 James Finlay wakaingia wakachukua ardhi ya ule mpango wa kitani. Miti na malisho vikafyekwa, chai ikapandwa, na kwa kuwa kiwanda cha chai hula kuni usiku na mchana kukausha majani, mikalitusi kutoka Australia ikapandwa pembeni. Ndiyo hiyo tunayoiita blugamu.

Miaka iliyofuata inafaa kuangaliwa kwa pamoja, si moja moja. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, na familia zao zikapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mbali na kila walichokijua. Miaka hiyo hiyo ya 1930 mipaka ikachorwa kuuzunguka Mau, ukawa msitu wa serikali. Tume ya ardhi ya Carter, iliyofanya kazi kati ya 1932 na 1934, ikapendekeza Waogiek, waliokuwa wakiishi humo kwa asali na uwindaji, watolewe na kuchanganywa katika maeneo ya makabila makubwa. Yaani serikali ile ile iliyobariki msitu kukatwa upande huu kwa ajili ya chai, upande wa pili ilichora mstari na kumwambia mrina asali kwamba yeye ndiye hatari kwa miti.

Ninapowasimulia marafiki zangu haya, wao hukimbilia kulaumu Wazungu, na huwa naona hapo hadithi inaanza kuwa rahisi mno. Ni kweli kwamba kwa miongo mitatu hivi Mwafrika hakuruhusiwa kulima chai yake. Mlango ulifunguka miaka ya 1950, na mwaka 1964 KTDA ikaanzishwa. Babu zetu walipanda kwa furaha, na walikuwa na haki ya kufurahi. Leo zaidi ya nusu ya chai ya Kenya hutoka kwa wakulima wadogo. Chai imejenga nyumba za mabati na matofali, imelipa mahari, imesomesha. Lakini kila mmoja wetu aliyesogeza mistari yake hadi ukingoni mwa mto alisogeza bahari hatua moja.

Baada ya uhuru serikali nayo iliendeleza. Mwaka 1986 yalianzishwa mashamba ya Nyayo, mkanda wa chai wa kuuzunguka msitu ili watu wasiingie. Wazo halikuwa baya, ila sehemu nyingine msitu wenyewe ulifyekwa ili upatikane mkanda wa kuulinda. Mwaka 2001 zaidi ya hekta 60,000 za Mau zilitolewa kwenye hifadhi na kugawiwa watu. Waliopewa vipande vidogo walikata, wakachoma makaa, wakapanda viazi. Waliopewa vikubwa hawakuonekana sana. Kufikia mwaka 2009 mito ilikuwa imepungua kiasi cha kuitisha nchi nzima, na watu wakaanza kuondolewa. Waliokuwa kwenye picha za magazeti, na sufuria na godoro kando ya barabara, hawakuwa wale wa vipande vikubwa.

Waogiek walikwenda mahakamani. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao, na kwamba kuhifadhi mazingira hakuwezi kuwa sababu ya kuwafukuza, kwa kuwa si wao waliouharibu Mau. Mwaka 2022 mahakama hiyo ikaamuru walipwe fidia na ardhi yao itambuliwe. Novemba 2023 familia za Waogiek zilifukuzwa tena, Sasimwani, na nyumba zao zikabomolewa.

Sasa rudi kwa bongo. Bongo wa milimani, porini, wamebaki Kenya peke yake, na inakadiriwa hawafiki 100. Wako Aberdare, Mlima Kenya, Eburu na Mau. Angalia majina hayo kwenye ramani uone nafasi iliyopo kati yake: miji, barabara kuu, ngano, chai. Dume wa Mau hawezi kumfikia jike wa Aberdare hata aishi miaka mia. Ndiyo maana mwaka 2004 bongo 18 walirudishwa Kenya kwa ndege kutoka Marekani, wengi wao wakiwa kizazi cha bongo waliokamatwa hapa miaka mingi nyuma na kupelekwa kwenye bustani za wanyama. Ilibidi tukope wanyama wetu wenyewe. Ua wa umeme umejengwa kuuzunguka msitu wa Eburu, ukakamilika mwaka 2014, na ua kama huo unazuia watu wa msumeno na mitego. Sina ugomvi nao. Ila ua haufanyi kisiwa kiwe kikubwa. Unazuia kisipungue, basi.

Nilipokuwa nikisoma haya nilikutana na jambo lililonichekesha kidogo. Mwaka 2023 mashamba ya James Finlay ya Kericho yalinunuliwa na Browns, kampuni ya Sri Lanka. Kwa hiyo siku hizi bahari yetu inamilikiwa kutoka kisiwa halisi cha tropiki, tena kisiwa kilichopita njia hii kabla yetu. Milima ya Sri Lanka ilifyekwa misitu ikapandwa kahawa. Kuanzia mwaka 1869 kuvu ya kutu ikaivamia kahawa hiyo, na kwa kuwa milima mizima ilikuwa zao moja, hakukuwa na kitu cha kuisimamisha. Kahawa ilipokufa ikaja chai. Msitu haukuulizwa.

Lakini bongo sijawahi kumwona, na ningeweza kuandika juu yake mwaka mzima bila kuumia. Ninayemwonea uchungu ni ndege.

Kwetu kila ukoo una mnyama wake. Wengine ni ndovu, wengine nyuki, wengine chura. Wetu ni kong'ony, korongo mwenye taji la dhahabu kichwani, yule yule aliye kwenye bendera ya Uganda. Kumwua ni mwiko. Kogo anasema zamani walikuwa wanacheza pale kwenye kinamasi chini ya shamba letu, wawili wawili, wakirukaruka na kufungua mabawa, na watoto waliachiwa wawaangalie lakini wasiwarushie kitu. Mimi nimemwona kong'ony mara chache, akiwa anapita juu. Mwaka 2012 aliwekwa kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Nilikuwa na miaka 13 na hakuna aliyetuambia sisi, jamaa zake.

Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyemwua, kwa hiyo mwiko haukuvunjwa. Kong'ony hutaga ardhini, ndani ya majani marefu ya kinamasi, penye maji. Mwaka 2004 baba alipanda blugamu kwenye kile kinamasi, na watu wote walifanya hivyo. Sehemu yenye maji haifai chai, blugamu inakunywa maji, inakausha, na baada ya miaka kumi hivi unauza nguzo. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati ule, John Michuki, aliagiza mikalitusi iliyo karibu na vyanzo vya maji ing'olewe. Kwetu haikung'oka hata mmoja. Nisingeng'oa pia kama ningekuwa baba, alikuwa na watoto watatu shuleni.

Mwaka 2018 nguzo ziliuzwa na pesa zikalipa karo yangu ya mwaka wa kwanza. Mwaka uliofuata hapakuwa na mti wa kuuza, bonasi ya chai ya Oktoba ilikuwa ndogo, na mwaka wa pili nikarudi nyumbani na sanduku. Kwa hiyo ule mhadhara wa visiwa niliulipia kwa kinamasi cha kong'ony. Sikuwa nimeiona hesabu hiyo hadi siku ile Kogo aliponiambia silibwet ulikuwa wapi.

Blugamu ukiukata haufi. Kisiki hutoa machipukizi, unachagua mawili matatu, unangoja tena. Mnunuzi wa nguzo alikuja kuyaangalia machipukizi yetu, na usiku huo nikamwambia baba kwamba labda tuiache sehemu ya maji. Aliniangalia kwa muda. "Kijana," akasema, "kong'ony atamlipia dada yako karo?" Sikuwa na jibu. Mtu aliyeacha chuo hana nguvu ya kuhutubia wazazi juu ya karo.

Kogo ndiye aliyejibu, na hakusema juu ya ndege. Alisema kisima cha chini siku hizi hukauka Januari, na kwamba kabla ya blugamu hakikuwahi kukauka, na kwamba yeye amechoka kununua maji kwenye mitungi wakati mto uko pale. Baba hakubisha. Unaweza kumbishia mtoto wako juu ya ndege, lakini si mama yako juu ya maji.

Tulipatana nusu. Mistari ya juu ibaki, imlipie dada yangu. Mistari iliyo ndani ya kinamasi iondoke. Tulipata miche kwenye kitalu cha kikundi cha wanakijiji wanaotunza ukingo wa msitu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliruhusu watu wa kawaida kuunda vyama vya namna hiyo, na kwa maoni yangu ni katika mambo machache ya maana ambayo sheria imewahi kufanya huku. Tulipanda silibwet kumi na mbili na tendwet sita, ule mti ambao magome yake huuzwa nje kwa dawa ya tezi dume na sasa biashara yake inadhibitiwa kimataifa. Mbuzi wa jirani walikula nne.

Ninayaandika haya kwa sababu tunapozungumza juu ya bayoanuwai huwa tunafikiria mbuga, helikopta na watu wenye kofia pana. Lakini kama tatizo ni kisiwa, basi dawa iko baharini, na bahari ni yetu, robo ekari hapa, nusu ekari pale. Kwenye mashamba makubwa bado utaona mbega kwenye vichochoro vya miti ya asili vilivyoachwa kando ya mito. Mbega hatembei juu ya chai. Anahitaji tawi hadi tawi. Kila shamba likiacha ukingo wake wa mto, vichochoro hivyo vinaweza kuungana na msitu, na hilo halitafanyika kwa kumfukuza mtu yeyote. Kwa miaka mia moja tumejaribu kuhifadhi kwa kufukuza, na tumebakiwa na majina ya steji.

Miaka minne sasa. Majani marefu yamerudi kwenye kinamasi, na usiku vyura wanapiga kelele hadi baba analalamika. Kisima kilishika maji Januari iliyopita, ingawa mvua nayo ilikuwa nzuri, kwa hiyo sitajisifu. Silibwet mmoja umetoa maua. Kong'ony hajatua. Walipita wawili juu mwezi wa Agosti, Kogo akaweka mkono juu ya macho kuwaangalia hadi walipopotea upande wa Mara, kisha akarudi kwenye mboga zake.

Visiki bado vinachipuka. Ukivipuuza msimu mmoja, vinarudi kuwa blugamu. Desemba nitapanda gari la Silibwet kwenda nyumbani, na panga liko nyuma ya mlango.